Bahari Iliyopumulia Dirishani

Jenereta ya Papa Kambere ilizimika asubuhi, watu wakirudi kutoka misa, na barabara nzima ikageuza shingo.

Kwa miezi mingi mashine ile ilikuwa imenguruma bila kupumzika nyuma ya nyumba kubwa ya matofali ya kuchoma. Mwanzoni majirani walinung'unika, kisha wakaizoea, kisha wakawa hawapati usingizi bila sauti yake. Mwaka ule wa vita mji wa Butembo, mashariki ya Kongo, ulikuwa umezoea hata milio ya bunduki za mbali. Lakini kimya cha jenereta ile hakuna aliyekuwa amekizoea.

Kaswera, binti wa Kambere, alikuwa jikoni akimenya ndizi. Hakuhitaji kwenda kuchungulia tangi. Barabara ya Kasindi, iliyoleta mafuta yote ya mji, ilikuwa imefungwa kwa mapigano, na baba yake alikuwa mjini Beni akitafuta angalau pipa moja la kurudi nalo. Aliacha ndizi pale pale akakimbilia saloni.

Bahari ilikuwa gizani.

Hivyo ndivyo walivyoiita nyumbani: bahari. Lilikuwa sanduku la kioo, refu kama vitanda viwili vilivyofuatana, lililosimama juu ya meza ya chuma iliyochomelewa hapo hapo mjini. Ndani yake mlikuwa na maji ya chumvi, mchanga mweupe, na matumbawe, yale mawe ya baharini ambayo kwa kweli si mawe bali viumbe hai. Mengine yalikuwa na mikunjo kama ubongo wa ng'ombe, mengine yalinyoosha vidole, mengine yalifunguka kama uyoga wa rangi ya zambarau. Taa zilipowaka, mgeni aliyeingia kwa mara ya kwanza alivua kofia bila kujua kwa nini amevua.

Sasa taa zilikuwa zimekufa na mapovu yamekoma. Samaki wadogo wa rangi ya chungwa, wenye mikanda myeupe, walikuwa wamepanda juu wakifungua na kufunga midomo.

"Bale samaki banaomba nini?" aliuliza Séphora, dada mkubwa wa baba yake, mjane aliyeishi nao. Alikuwa mlangoni, amejifunga kikwembe kifuani.

"Banakosa pumzi, Tantine. Na maji itaanza kupata baridi."

"Samaki yenye hailiwi, mutu analilia nini?"

Kaswera alijua shangazi yake anajua bahari ile ni ya nini.

Watu wa Butembo walidhani bahari ile ni majivuno ya tajiri. Haikuwa hivyo. Zamani, kabla ya vita, Papa Kambere alikuwa amekwenda Mombasa kupokea mzigo wake wa vikwembe, na safari hiyo alimchukua mkewe, Mama Agar. Mwanamke yule wa vilimani, aliyekuwa na uso mzito na maneno machache, aliingia majini hadi magotini, akainua kikwembe chake, akachungulia samaki wa rangi waliopita kati ya miguu yake, akacheka. Alicheka mpaka akalazimika kumshika mumewe mkono asianguke. Kambere hakuwahi kumsikia akicheka vile, kabla wala baada. Katika vita vya kwanza Mama Agar aliugua, barabara ya hospitali ikawa imefungwa, naye akafa. Kambere hakulia mbele ya watu. Ila biashara ilipompeleka Dubai, alirudi na vioo vizito vilivyofungwa kwa majani makavu, ndoo za chumvi ya bahari, na mawe hai yaliyoviringishwa katika magazeti yenye maji, akiyapakata mapajani ndani ya ndege ndogo iliyotua Beni.

Aliyejenga bahari ile alikuwa mwalimu.

Léon alikuwa mtu wa Kindu. Serikali ilimtuma Butembo kufundisha biolojia na kemia, kisha vita vikakata njia, mshahara ukakatika, naye akabaki kama mtu aliyeshushwa katikati ya safari. Papa Kambere alimwita kwa sababu alisikia kuwa anajua mambo ya maji. Mwalimu alibandika vioo, akapima chumvi, akaweka mawe na mchanga, halafu akasema jambo ambalo tajiri hakulitegemea: "Sasa tungoje." Maji mapya, alisema, hayajui kubeba uhai, lazima yaive. Wiki zikapita. Bahari ikageuka rangi ya chai, kisha ikaota uchafu wa kijani.

"Nimenunua bahari," Papa Kambere alilalamika, "umenipa matope."

"Vumilia, Papa. Matope ndiyo mama yake."

Ndipo kila jioni Kaswera alipokuwa akishika taa upande mmoja wa kioo, Léon akisugua upande wa pili. Kioo kilipokuwa na uchafu waliongea bila kuonana. Kioo kiliposafika, siku hiyo walionana, na wote wawili wakasahau walichokuwa wakisema. Ndugu msomaji, macho yanayokutana kupitia maji hayafanani na macho mengine. Yanaonekana makubwa kuliko yalivyo, na hayana pa kujificha. Tangu hapo Kaswera alijua saa ya mwalimu kuja kwa namna moyo wake ulivyoanza kwenda mbio kabla geti halijagongwa.

Samaki walipokuja na mawe yakafunguka, mapenzi yao yalikwisha kuiva pia. Séphora ndiye aliyewaona: mikono miwili ndani ya maji, ikisimamisha jiwe lililoanguka, na jiwe likiwa limesimama tayari, mikono bado haijaachana. Alimwambia ndugu yake jioni ile ile.

Papa Kambere hakupiga kelele. Alimketisha mwalimu mbele ya bahari akampa chai.

"Mwalimu, uko mutu muzuri. Sina neno na wewe. Baba yako iko wapi?"

"Alisha kufa, Papa."

"Baba mudogo?"

"Iko Kindu."

"Kindu ni upande wa pili ya vita. Hakuna barabara, hakuna ndege. Donc, nikitaka kuongea na batu yako, nitaongea na nani?"

"Na mimi, Papa."

"Hapana." Papa Kambere aliweka kikombe chini polepole. "Sisi hapa hatutoake mwana kwa mutu mumoja. Tunamutoa kwa jamaa. Siku mutagombana, nitaita nani? Siku utakufa, nani atakuya kulia na sisi? Batoto bataenda kwa nani? Mutu anayekuya kujisemea mwenyewe haombi bibi. Anauza bintu."

Léon alitazama mikono yake.

"Kutoka leo usipite tena mu hii mulango, mpaka siku utakuya na mutu wa kukusemea."

"Nimesikia, Papa."

Akasimama, akatoka. Nyuma ya mlango wa jikoni Kaswera aliuma ncha ya kikwembe chake ili sauti isitoke.

Hayo yote yalikuwa yamepita. Sasa samaki walikuwa wakitafuna hewa, na msichana amesimama mbele yao, mikono kichwani.

"Kaswera."

Sauti ilitoka nje. Dirisha la saloni lilitazama barabara, lenye vyuma, na nyuma ya vyuma alisimama Léon katika koti lake la darasani, pampu ya kinga, yaani ya baiskeli, kwapani. Alikuwa anahema.

"Groupe imenyamaza," alisema, akionyesha upande wa jenereta. "Nimesikia toka kwangu."

Kaswera alimtazama. Alikuwa amekonda. Maneno yote aliyomwekea siku zile yalimjia kwa pamoja mdomoni, likatoka moja tu: "Banakufa."

"Najua."

"Basi ingia! Papa iko Beni."

"Hapana. Sitaingia."

"Léon, nani atakuona?"

"Mimi mwenyewe nitajiona."

"Bahari inakufa, na wewe unaniletea mambo ya mulango?"

"Fungua dirisha yote, mama," alisema kwa upole, na neno lile dogo lilimtuliza kuliko alivyotaka kutulizwa. "Nisikilize. Samaki banaogopa bintu mbili: kukosa pumzi na kupata baridi. Pumzi nitaleta mimi. Joto utaleta wewe. Tafuta bidoni ndogo, zile za mafuta ya kula. Zioshe na maji tupu, sabuni hapana, hata tone. Chemusha maji, jaza, funga vizuri, elesha juu. Ikipoa, ondoa, chemusha tena. Na mablanketi: funika vioo. Acha tu huku, nipate kuona."

"Na pumzi?"

"Nipe ule mupira mwembamba wa mapovu."

Kaswera alichomoa mpira ule mrefu, akaacha ncha moja chini ya mawe, akapitisha nyingine kati ya vyuma. Vidole vyao vilikutana juu yake. Hakuna aliyevuta haraka. Kisha Léon aliufunga kwenye pampu kwa kamba ya raba, akachuchumaa kando ya barabara, akasukuma. Ndani ya giza la bahari mapovu yakapanda, kidogo, kisha mengi, na samaki wa kwanza akageuza mkia akashuka kuyafuata.

Kaswera alijikuta akicheka na kulia.

Tangu hapo hakukaa. Majiko mawili ya mbabula yaliwashwa uani, makaa yakamwagwa, masufuria yote yakaleta maji ya moto. Alikimbia kati ya jikoni na saloni, bidoni kwapani, vidole vimebabuka. Kila alipofika kwenye bahari alisikia pampu: fuu, fuu, fuu. Kila alipoisikia aliinua macho, na kila alipoyainua, ya Léon yalikuwa pale.

Mtaa nao ulikuwa umeona. Élisée, fundi wa kinga wa kona ile, alikuja, mikono kiunoni.

"Mwalimu! Nyumba ya Papa Kambere imepata crevaison, imetoboka?"

"Pine ya nyuma," Léon alijibu bila kusimama.

"Piga, piga!" mama mmoja muuza mboga alisema akicheka. "Ikijaa itaruka mpaka Kindu!"

"Ikiruka nitakupakia, Mama."

Walicheka, lakini Élisée alikwenda akarudi na grisi kidogo kwenye karatasi, akaipaka pampu mwenyewe, akaondoka bila kusema.

Mchana mawingu yalishuka kutoka vilimani. Séphora alikuwa ameketi saloni muda wote bila kugusa bidoni hata moja. Matone ya kwanza yalipopiga bati aliinuka akaenda dirishani.

"Mwalimu. Mvua."

"Ndiyo, Tantine."

"Ingia ukae ku baraza."

"Baraza iko ndani ya lupango, nyuma ya geti, Tantine."

"Nimesema mimi! Mimi dada mukubwa ya mwenye nyumba!"

"Aksanti, Tantine. Mais neno alinipa Papa. Yeye ndiye ataiondoa."

Mvua ya Butembo si ya kuchezea. Ni baridi, na ikianza haina haraka ya kwisha. Ilimpiga kichwani, ikaingia kolani, ikamtoka mikononi. Hakuacha. Séphora alimtazama muda mrefu, kama mtu anayetazama kitambaa akitafuta palipotatuka. Mwishoni alikwenda jikoni, akapakua bugali na sombe ya majani ya muhogo, akafungua mwavuli, akatoka getini mwenyewe hadi barabarani.

"Kula."

"Mukono haiko, Tantine. Nikiacha—"

"Leta hiyo kintu." Alimnyang'anya pampu. "Nilimubeba Kambere mugongoni toka mutoni mpaka juu ya kilima, na alikuwa muzito kama jiwe ya kusagia. Pampu itanishinda?"

Ajuza yule akasukuma. Kwenye dirisha Kaswera alisimama na bidoni mkononi, haamini.

Léon alikula amechutama chini ya mwavuli. Kisha Séphora, bila kumtazama, alisema: "Ni mimi niliambia Kambere juu ya mikono yenu mu maji."

"Najua, Tantine."

"Na unakula chakula yangu?"

"Ni tamu."

Séphora alitoa sauti puani ambayo ingeweza kuwa kicheko. Akasukuma mara kadhaa.

"Mama yako iko muzima?"

"Sijui. Toka barabara ifungwe, sijapata habari yake."

"Na yeye, anajua uko muzima?"

Léon alimeza alichokuwa anacho mdomoni. "Hapana. Labda alisha kunililia matanga."

Pampu ilisimama. Kaswera, aliyekuwa anasikia yote, alitaka kupiga kelele kwamba samaki watakufa. Kisha pampu ikaanza tena, kwa nguvu zaidi, na mvua ikafunika chochote ambacho uso wa Séphora ungeweza kuonyesha.

Usiku ule ulipita kama unavyopita usiku wa mgonjwa, na kesho yake alasiri lori la viazi lilisimama mbele ya nyumba. Papa Kambere alishuka, vumbi hadi kwenye nyusi, na pipa la mafuta likashushwa nyuma yake. Barabara ya Beni, na vizuizi vyake vya askari, ilikuwa imemzeesha.

Aliona watu kwanza. Kisha akaona mpira mwembamba umeingia dirishani mwake. Akaufuata kwa macho hadi mwisho, akamkuta mwalimu, koti limekaukia mwilini, viganja vimefungwa matambara, akisukuma huku kichwa kikilala na kuamka.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu jana asubuhi, Papa," Kaswera alijibu kutoka ndani.

"Aliingia?"

"Hapana."

"Hata wakati wa mvua?"

"Hata wakati wa mvua," alisema Séphora. "Nilimuita mimi, alinikatalia."

Papa Kambere aliingia ndani peke yake. Aliinua blanketi. Samaki kadhaa walikuwa wamekufa, na Kaswera alikuwa amewalaza kwenye sahani nyeupe. Jiwe moja zuri, lile la vidole, lilikuwa limepauka kama mfupa. Lakini wale wa rangi ya chungwa walikuwa wakizunguka zunguka kwenye mapovu. Aliweka kiganja juu ya kioo. Kilikuwa na uvuguvugu, kama shavu la mtu. Alikiacha pale muda mrefu, amewapa mgongo, na Kaswera aliona mabega yake yakipanda na kushuka.

Jenereta ilipokunywa mafuta ikakohoa, ikanguruma. Taa zikawaka. Barabarani mtu alipiga makofi. Pampu ikanyamaza.

Papa Kambere alitoka nje akasimama mbele ya Léon, aliyekuwa anajaribu kuinuka.

"Aksanti, Mwalimu. Umenichungia kintu kikubwa. Mungu akuone." Alingoja kidogo. "Rudi kwako ukalale."

Kaswera alishika vyuma vya dirisha. "Ni yote, Papa?"

"Beni nilionana na Ananie, mwenzangu wa biashara. Jumapili ya pili banakuya, yeye na bandugu zake, kuongea juu yako na mwana wake Phinées."

"Papa! Huyu mutu amekaa mu mvua—"

"Nimeona, mwana wangu. Niko na macho." Sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Kama ingekuwa juu ya moyo wake tu, nisingesema kitu. Mais neno yangu haijabadilika, kwa Phinées wala kwa huyu. Nani iko anamusemea?"

Élisée alitazama viatu vyake. Hakuna jirani aliyethubutu. Kumsemea mgeni asiye na ukoo ni kujifunga kamba ya maisha.

"Hakuna, Papa," alisema Léon.

"Mimi," alisema Séphora.

Papa Kambere aligeuka. "Séphora, hapana cheza mbele ya batu."

"Unaona nacheza?"

"Uko shangazi ya musichana. Uko upande wetu! Mbuzi yako iko mu mahari yake."

"Nimeiacha. Ile mbuzi ya shangazi mupatie mwingine, ao muiache ikule majani." Alikwenda akasimama kando ya Léon, mfupi kuliko bega lake, mwavuli mkononi kama fimbo. "Uliuliza siku batagombana utaita nani. Utaniita mimi. Uliuliza nani atakuya kulia. Mimi nitalia. Mama ya huyu mutoto hajui kama mwana wake iko muzima. Mimi najua. Nimemulisha na mukono yangu."

"Hauna damu yake."

"Na wewe, Ananie ulimujulia wapi? Ku soko."

Mtu alicheka akajiziba mdomo. Papa Kambere hakucheka. Alimtazama dada yake, aliyembeba mgongoni, aliyemvisha kanzu nyeupe ya komunyo ya kwanza, aliyemfumba macho mkewe alipokufa. Alipoongea alisema polepole, kila neno mahali pake.

"Basi usikie. Mutu wa upande ya pili halali mu nyumba yangu."

"Papa!" Kaswera alilia.

"Mwache," alisema Séphora. "Anasema haki. Nikitoka mu chumba kuomba mu saloni, niko naomba nini?"

Akaingia ndani. Walisikia sanduku likifunguliwa na kufungwa. Alitoka na furushi moja, rozari shingoni, akapita mbele ya ndugu yake bila kusimama. Léon alimpokea furushi kwa viganja vyake vya matambara. Walishuka barabara kuelekea kwa Julienne, rafiki wa Séphora wa kanisani, bibi kizee mbele, mwalimu nyuma akiyumba kwa usingizi. Hakugeuka kumtazama Kaswera. Kabla ya kona aliinua mkono mmoja kidogo, naye Kaswera aliuona.

Wiki ile nyumba ilikuwa kubwa mno. Papa Kambere alikula peke yake. Mara mbili Kaswera alimsikia akiita, "Séphora, chumvi!" kisha akaamka kuitafuta mwenyewe. Jioni aliketi mbele ya bahari, taa yake ya bluu usoni, na hakuwasha redio.

Jioni moja Kaswera aliketi sakafuni karibu na miguu yake, kama alivyofanya utotoni.

"Papa, Tantine ametuma neno: batakuya Jumapili hii, kabla ya Ananie. Utabakatalia?"

"Sijasema nitakataa. Sijasema nitakubali. Mutu anayefuata njia, anafunguliwa. Ingine tutasikia tukiwa tumekaa." Alinyoosha kidole kuelekea jiwe lililopauka. Pembeni yake, chini kabisa, palikuwa pamebaki kipande kidogo chenye rangi. "Mwalimu anasema nini juu ya hii? Itapona?"

"Hajaiona. Haingie humu."

"Ah." Alishusha kidole. Baada ya muda alisema, "Mama yako angemupenda," kisha akaonekana kama mtu aliyesema zaidi ya alivyokusudia, akainuka kwenda kulala.

Jumapili Kaswera alivaa kikwembe cha mama yake. Alipanga viti, akavipangua, akavipanga tena. Alipika, na hakujua kama ametia chumvi. Misa ya pili ilipotoka, wapita njia walikuwa wengi, na kila kishindo cha viatu barabarani kilimpeleka dirishani. Baba yake alikuwa kitini, suti yake nyeusi, mikono juu ya magoti. Alinyoa asubuhi na alijikata kidogo kidevuni.

Geti likagongwa.

Kwa desturi Kaswera ndiye aliyefungua. Aliinuka. Papa Kambere alimwonyesha kwa mkono akae, akatoka yeye mwenyewe, akivuka ua polepole, akiweka sawa koti lake. Kaswera alimfuata hadi kwenye kizingiti. Chini ya geti aliona ncha za viatu: viatu vya Léon vilivyopakwa rangi upya, viatu vya Élisée fundi wa kinga, na mbele ya vyote ndara nyeusi za Séphora, zile ambazo alikuwa akiziona kila siku kando ya mlango wa jikoni.

Baba yake alisimama mbele ya geti lililofungwa.

"Nani iko hapo?" aliuliza kwa sauti ya mwenye nyumba.

"Bageni," alijibu Séphora. Hakuna mzaha katika sauti yake, wala udada. Alisema kama mtu ambaye hajawahi kukanyaga ua ule.

Papa Kambere alishika komeo.

"Bageni ya kutoka wapi?"

Séphora hakuwahi kuvuka Lubero, mji wa jirani, maishani mwake, wala kuvuka daraja la Kasindi. Alivuta pumzi, na mtaa wote uliokuwa umesimama kusikiliza ulimsikia.

"Kutoka Kindu, Papa. Tumetembea mbali."

Papa Kambere aliinamisha kichwa. Kisha akavuta komeo, akafungua geti lote, pande zote mbili.